Nyaraka za mbunifu wa vitabu mwenye matbaa yake: maana na yaliyomo

Maktaba ikitangaza kwamba imepokea nyaraka za mbunifu wa vitabu, wengi hudhani imepokea vitabu. Vitabu huwemo, ila si kiini cha mkusanyiko, maana nakala zake zimeshatapakaa kwenye rafu za watu. Nyaraka ni yale yaliyobaki karakanani kitabu kilipokwisha kutoka: michoro ya herufi, kurasa za majaribio, prufu (kurasa za kusahihishia kabla ya kuchapa) zenye masahihisho ya kalamu, barua, ankara za karatasi na wino, madaftari ya mishahara, mbao za kuchapia picha, na pengine vyuma vyenyewe vilivyozaa herufi. Kitabu kilichokamilika hukuonyesha uamuzi wa mwisho tu. Ukitaka kujua ni maamuzi mangapi yalitupwa kabla ya huo, na ni nani aliyeyatupa, huna budi kwenda kwenye maboksi.

Mwandishi huleta maneno. Mbunifu wa vitabu ndiye anayeamua ukurasa uwe na ukubwa gani, pambizo ziwe pana kiasi gani, mistari iwe mingapi, herufi ziwe za umbo lipi na zikaribiane vipi, karatasi iwe nzito au nyepesi, nakshi iwepo au isiwepo. Kazi hii ikifanyika vizuri msomaji hata haioni. Anasoma saa nzima na macho hayamchoki. Ndiyo maana ushahidi wake ni adimu, na ndiyo maana napenda tuuthamini.

Matbaa binafsi nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu neno "binafsi" lingeweza kumaanisha duka lolote la mjini linalochapa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Duka hilo ni mali ya mtu, ni kweli, lakini linachapa anachotaka mteja. Matbaa binafsi kwa maana tunayoizungumzia ni karakana ndogo ambayo mwenyewe huchagua achape nini na kwa namna gani, kwa nakala chache, na ubora wa kazi ukitangulia faida. Hata matbaa ya misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Unguja, iliyochapa vitabu vya Kiswahili katika karne ya 19 chini ya Askofu Edward Steere, haimo katika kundi hili ingawa ilikuwa ndogo na ya mkono: ilichapa kwa ajili ya mahitaji ya shule na makanisa. Wala "binafsi" haina maana kwamba vitabu viligawiwa bure. Viliuzwa, na baadhi kwa bei kali.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Kelmscott Press, aliyoianzisha Mwingereza William Morris, mshairi na mbunifu, huko Hammersmith, London, mwaka 1891. Chanzo chake kilikuwa mhadhara. Tarehe 15 Novemba 1888 jirani yake, Emery Walker, alizungumzia sanaa ya uchapaji na kuonyesha ukutani, kwa taa ya picha, kurasa za vitabu vya karne ya 15 zilizokuzwa mara nyingi. Morris alipoziona herufi zile katika ukubwa ule aliamua kutengeneza zake. Walker akampigia picha kurasa za wachapaji wa Venice, akiwemo Nicolas Jenson, akazikuza. Morris akachora juu yake tena na tena mpaka mkono ukaelewa umbo, halafu akachora herufi zake mwenyewe. Michoro hiyo ikapunguzwa kwa kamera hadi kipimo halisi, ikaenda kwa fundi wa kuchonga chuma. Hiyo ndiyo herufi iliyoitwa Golden. Ukifungua kitabu cha Kelmscott huoni hata hatua moja ya safari hiyo. Picha zilizokuzwa na michoro ya majaribio ndizo zinazoisimulia.

Chukua kazi kubwa kuliko zote za matbaa hiyo, kitabu cha kazi za mshairi Chaucer, kilichokamilika mwaka 1896: nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi, picha 87, na bei ya pauni 20 kwa nakala ya karatasi, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Picha zinahesabiwa kuwa za mchoraji Edward Burne-Jones, na ni haki yake. Lakini yeye alizichora kwa penseli laini, kwa vivuli vyepesi ambavyo mbao haiwezi kuvichapa. Ilibidi kila mchoro upigwe picha na kusafishwa kwa rangi hafifu, kisha Robert Catterson-Smith aupitie kwa wino, akikata shauri kila kivuli kigeuke mstari upi. Ndipo William Hooper akachonga mbao. Michoro ya penseli ipo Fitzwilliam Museum, Cambridge. Ukiiweka kando ya ukurasa uliochapwa unaona mikono mitatu mahali ambapo kitabu kinakutajia miwili, cha Catterson-Smith kikiachwa.

Hapo ndipo mtunza nyaraka anapotofautiana na mkusanyaji wa vitabu vya thamani. Mkusanyaji anatafuta nakala safi isiyo na doa. Mtunza nyaraka anafurahia karatasi iliyoharibika: ukurasa ambao wino umezidi, prufu ambayo mbunifu amekata mstari na kuandika pembeni "sogeza", au jaribio la jalada lililokataliwa. Barua za kumlalamikia mtengeneza karatasi humweleza mtafiti wa leo mengi kuliko karatasi yenyewe. Morris, kwa mfano, hakuridhika na karatasi za kiwandani. Alizipata kwa Joseph Batchelor wa Kent zikitengenezwa kwa mkono kutokana na vitambaa vya kitani, na wino wake ukatoka Hannover, Ujerumani. Mambo kama haya huandikwa kwenye ankara na barua. Kwenye ukurasa wa kichwa cha kitabu hayaandikwi.

Sasa tuje kwenye vyuma, maana hapa watu hupotea. Herufi ya kuchapia hupita hatua tatu. Kwanza fundi huchonga umbo la herufi, likiwa kinyume, kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Kipande hicho hugongwa kwenye shaba laini na kuacha shimo lenye umbo la herufi. Shaba hiyo huwekwa kwenye kalibu, na ndani yake husubiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, hadi zipatikane herufi nyingi kadiri utakavyo. Herufi za risasi huchakaa; unaziyeyusha na kusubu nyingine. Aliye na chuma cha pua na shaba ana uwezo wa kuzaa herufi zile upya wakati wowote, hata baada ya karne.

Na imewahi kutokea. Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia, alifariki mwaka 1813, na vyuma vyake vikatunzwa mjini humo. Zaidi ya miaka 100 baadaye Hans Mardersteig, Mjerumani mzaliwa wa Weimar, alipata kibali cha kusubu herufi kutoka kwenye shaba zile za asili. Mwaka 1922 alifungua matbaa yake Montagnola, Uswisi, akaiita Officina Bodoni, kisha mwaka 1927 akahamia Verona. Bila utunzaji wa Parma, matbaa hiyo ingekosa hata jina lake. Kinyume chake ni yaliyomkuta mbunifu wa herufi Frederic Goudy huko Marlboro, jimbo la New York: Januari 1939 moto uliteketeza karakana yake pamoja na michoro na vifaa vya herufi alivyovikusanya kwa miaka mingi, naye alikuwa ameshaunguliwa mara moja mwaka 1908.

Lakini hakuna mkasa unaoeleza thamani ya nyaraka hizi kama wa Doves Press. Thomas Cobden-Sanderson na yule yule Emery Walker waliianzisha Hammersmith mwaka 1900. Walikuwa na herufi moja tu, ya ukubwa mmoja, isiyo na madoido, na kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote za kipindi kile. Biblia yao ya juzuu 5, iliyotoka kati ya 1903 na 1905, haina picha wala nakshi. Ukurasa wa kwanza wa Mwanzo una herufi I moja nyekundu ya Edward Johnston inayoshuka pambizo nzima, basi. Washirika wakagombana. Kwa makubaliano ya mwaka 1909, Cobden-Sanderson angetumia herufi hadi kufa kwake, kisha zingekuwa za Walker.

Cobden-Sanderson hakuvumilia wazo kwamba herufi zile zingekuja kuzungushwa na mashine, kwenye kazi asizozikubali. Mwaka 1913 alitupa vyuma na shaba kwenye mto Thames. Kisha kuanzia Agosti 1916 hadi Januari 1917, akiwa na miaka zaidi ya 75, alibeba herufi zenyewe za risasi usiku baada ya usiku hadi daraja la Hammersmith na kuziachia majini. Inakadiriwa alikwenda mara 170, na mzigo wote ulizidi tani moja.

Tumeyajuaje haya? Kwa shajara yake. Aliandika alivyosubiri giza, alivyohofu kuonwa na polisi, hata vifurushi viwili vilivyonasa kwenye ukingo wa nguzo ya daraja badala ya kuzama. Katika orodha ya mwisho ya vitabu vya matbaa, mwaka 1916, akatangaza kwa maandishi kwamba ameurithisha mto herufi zake. Mtu aliyedhamiria kufuta kiini cha karakana yake aliacha maelezo kamili ya jinsi alivyokifuta. Alipofariki mwaka 1922, Walker alimdai mjane wake mahakamani, na wakamalizana kwa pauni 700.

Karibu karne moja baadaye mbunifu Robert Green alianza kuichora upya herufi ya Doves kwa ajili ya kompyuta. Alikuwa na kurasa zilizochapwa tu, na ukurasa una udhaifu wake: wino hutanuka kwenye karatasi, kwa hiyo kila herufi inaonekana nene kidogo kuliko chuma chake. Mwaka 2014 aliteremka ufukweni chini ya daraja akaokota herufi chache, kisha wapiga mbizi wa mamlaka ya bandari ya London wakaendelea na kazi, na jumla zikapatikana 150. Kwa hizo aliweza kusahihisha michoro yake. Herufi 150 kati ya zaidi ya tani moja ni kidogo sana, lakini kila moja ilikuwa na kipimo ambacho ukurasa hauwezi kukitoa.

Kuna njia nyingine ya kulinda kazi isitumiwe ovyo bila kuiangamiza. Kelmscott ilipofungwa mwaka 1898, wasimamizi wake walipeleka mbao za nakshi na picha British Museum kwa sharti kwamba zisichapwe wala kunakiliwa kwa miaka 100. Sharti lilikwisha 1998, mbao zipo. Masharti ya namna hii ni ya kawaida katika nyaraka: barua fulani zisifunguliwe mpaka fulani afariki, michoro fulani isitolewe nakala. Mtafiti husubiri, na kusubiri si hasara ukilinganisha na kupiga mbizi.

Utunzaji wenyewe una kanuni moja kubwa, nayo ni kutoupangua mpangilio alioacha mwenyewe. Bahasha yenye prufu, ankara ya ngozi na barua ya mwandishi wa kitabu kimoja haigawanywi ili picha ziende huku na barua kule. Kukaa kwao pamoja ni taarifa. Vyuma vina shida zao. Masanduku ya herufi ya mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi na kuigeuza unga mweupe, kwa hiyo pengine maktaba hulazimika kuitenganisha herufi na droo iliyoilea, na kuandika kwa makini kila kitu kilikotoka.

Mimi huvutwa zaidi na madaftari ya mishahara na hesabu. Matbaa binafsi zinajulikana kwa majina ya wenyewe, hali kazi ilifanywa na wengi. Kule Ireland, Elizabeth Yeats aliiendesha Dun Emer Press kuanzia 1902, ambayo mwaka 1908 ikawa Cuala Press, kwa mikono ya wanawake waliofundishwa kupanga herufi na kuvuta mtambo. Nyaraka zake ziko Trinity College, Dublin. Watu hununua vitabu vya Cuala kwa sababu ya kaka yake, mshairi W. B. Yeats. Na yule fundi aliyepelekewa michoro ya Morris aliitwa Edward Prince. Alichonga herufi za Kelmscott, za Doves, za Ashendene na za Vale, kisha akazichongea pia Cranach Presse ya Weimar. Matbaa zilizoshindana, wenyewe wakatofautiana kwa ladha na hata kwa kesi, zote zilipita kwenye patasi ya mtu mmoja. Jina lake utalikuta kwenye barua na ankara.