Je, wajua kwa nini Mkristo wa Moshi hubeba jani akienda kuomba msamaha?

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Krismasi, baba yangu mdogo alipanda kutoka mjini hadi Old Moshi, kwa kaka yake mkubwa. Hakubeba sukari wala mkate kama wafanyavyo wanaorudi nyumbani mwezi huo. Alishika jani moja refu la kijani, amelipiga fundo katikati. Walikuwa hawajasemeshana miaka saba, kisa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba mkubwa alikuwa barazani. Akalitazama lile jani, akatazama migomba, akalitazama tena. Kisha akanyoosha mkono akalipokea. Hakuna aliyesema neno mpaka shangazi alipoleta kiti.

Jani hilo ni la sale, mmea ambao wataalamu huuita Dracaena fragrans. Vijiji vya Kilimanjaro vimejaa masale: ndiyo uzio, ndiyo alama ya mpaka, na zamani ndiyo yaliyoonyesha walipolala wazee wa ukoo. Anayekuletea sale amefunga mambo mengi ndani ya fundo lile, ardhi yenu na marehemu wenu wakiwemo. Kulikataa, wazee husema, ni kujitafutia balaa.

Sasa, hawa ndugu wawili ni Walutheri, na mmoja ni mzee wa kanisa. Si wangetubu kimoyomoyo yakaisha?

Jibu moja limo katika historia. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wa waliowafuata ni Bruno Gutmann, aliyefika 1902 na kuondoka kabisa 1938, akiwa ametumia sehemu kubwa ya miaka hiyo hukuhuku Old Moshi. Alijifunza Kichagga, akaandika kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, na akashikilia kwamba kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, vitu ambavyo watu walikuwa navyo tayari. Sikubaliani naye kwa kila jambo, maana ustaarabu wa mjini aliuogopa kupita kiasi. Lakini mahali palipohubiriwa hivyo, si ajabu sale liliendelea kupita mlango wa kanisa. Wapo wachungaji leo wanaoliita tambiko. Nawaelewa, ila sidhani wamewahi kumwona mtu mzima akitetemeka na jani mkononi.

Jibu kubwa zaidi limo kwenye Biblia. Katika Mathayo 5, Yesu anamwambia mtu aliyekwisha fika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale aende wapatane kwanza. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawataka waumini waungamiane dhambi na kuombeana ili wapate kuponywa. Baba mdogo alikuwa ameungama kila Jumapili kwa miaka saba, pamoja na usharika mzima, na bado usingizi ulimpaa. Mungu alishamsikia zamani. Kaka yake ndiye aliyekuwa hajasikia kitu.

Sale lina hatari yake pia. Nimeona mama aliyepigwa na mumewe akishinikizwa apokee jani usiku uleule, eti halikataliwi. Pale hapakuponywa mtu. Aliyeumia alizibwa mdomo tu. Zakayo, katika Luka 19, alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Baba mdogo naye, chai ikiwa bado haijamiminwa, alisema, "Kaka, nilisogeza hatua nne. Nazirudisha." Mimi nadhani sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko jani, ingawa bila jani asingeipata nafasi ya kuisema.

Halafu kuna siri ya mmea wenyewe. Shina la sale likiwa zima, kilele chake huyazuia macho yaliyo chini yasichipue. Ukikikata, macho yaliyolala kwenye makovu ya majani yaliyodondoka huamka na kutoa matawi mapya. Hata kile kipande ulichokata, ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu, hutoa mizizi. Ayubu, akiwa kwenye majivu yake, aliuonea wivu mti kwa jambo hilohilo: ukikatwa una matumaini, hata harufu ya maji inatosha uchipuke tena. Imo katika sura ya 14.

Masika yalipoanza, wale wazee wawili walipima hatua nne kurudi nyuma, wakachomeka vipande sita vya sale kwenye mpaka wa zamani. Vinne vimeshika. Viwili vimeoza, na baba mkubwa amesema hivyo atavipanda upya yeye mwenyewe.