Makazi ya wazee ya kifahari: bei kubwa si sawa na uuguzi bora

Wengi huamini kwamba makazi ya wazee yakiwa ya kifahari, basi na matunzo yake ni ya daraja hilohilo. Si hivyo. Sehemu kubwa ya ada hulipia jengo, bustani, bwawa la kuogelea, mpishi na ratiba ya burudani. Uuguzi ni huduma nyingine, na mara nyingi una bili yake: kusaidiwa kuoga, kuvaa au kumeza dawa kwa wakati huongeza malipo kadiri mzee anavyodhoofika. Nayo Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, hailipii malazi hayo wala msaada huo wa kila siku.

Faida zipo, tena si ndogo. Upweke hupungua, mlo ni wa uhakika, na vishikio vya bafuni hupunguza hatari ya kuanguka. Kwa mzee mwenye nguvu zake, mimi nisingezibeza.

Mambo hubadilika akipatwa na demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Makazi mengine hayana kitengo cha kumhudumia, na mkataba unaweza kuruhusu ahamishwe. Kwa hiyo usiukodolee macho ukumbi wa mapokezi (huo umejengwa ukuvutie). Uliza usiku kuna wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi, wafanyakazi hudumu kazini muda gani, ada hupandaje kila mwaka, na ada ya kuingilia hurudishwa kwa masharti gani mkazi akihama au akifariki.