Kambi ya Sayansi Si Tuisheni: Mzazi, Uliza Mtoto Atapima Nini

Kila shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, simu za afisi yetu hulia kwa lalamiko lile lile. Mzazi amelipa ada ya kambi ya sayansi, mtoto amehudhuria wiki nzima, na alichorudi nacho nyumbani ni rundo la nakala za mitihani ya zamani. Hiyo ni tuisheni iliyovishwa koti la maabara.

Tuisheni ya likizo imepigwa marufuku na kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013. Atakayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Tumeambiwa mara nyingi kwamba wazazi walikubaliana. Kifungu hicho ni kifupi mno, na hakuna mahali kinaposema kwamba mzazi akiridhia kosa linafutika. Hata hivyo, sisi si mahakama. Ukiwa na shaka, peleka lalamiko lako kwa afisi ya elimu ya kaunti ndogo pamoja na risiti, ratiba ya kambi na zile karatasi alizopewa mtoto. Bila ratiba ni vigumu kuonyesha kilichofundishwa.

Shughuli halali za likizo kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 na kuendelea hufuata msimu, kwa sababu msimu ndio maabara isiyolipiwa. Novemba na Desemba tuna mvua ya vuli, Aprili tuna masika, Agosti tuna baridi na mawingu. Rekodi ya vuli ikianza mapema humfaa mwanafunzi katika maonyesho ya sayansi na uhandisi, ambayo huanzia kaunti ndogo muhula wa kwanza.

Kipima mvua ni chupa ya soda ya lita mbili. Kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli, weka kokoto chini, mimina maji hadi pale chupa inaponyooka, kisha weka alama ya sifuri hapo. Rula ibandikwe kuanzia alama hiyo. Soma saa tatu asubuhi kila siku, jicho likiwa sawa na maji, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku kavu andika 0.0, na siku uliyosahau weka kistari. Hivyo viwili havifanani, na tunalazimika kulirudia hili kila mwaka. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba, kwa hiyo mtoto anaweza kukokotoa ni mitungi mingapi ingejaa kutoka kwenye paa lao. Tafadhali, chupa isiwekwe chini ya mfereji wa paa. Tumeletewa rekodi ya milimita 240 za usiku mmoja, na mwenyewe akashangaa tulipoikataa.

Wanaoishi kwenye magorofa ya mtaa wa Pipeline, Nairobi, hawana uwanja, tunajua. Wao wapime kivuli. Simamisha kijiti cha mita moja wima mahali penye jua, uweke alama za ncha ya kivuli kuanzia saa sita hadi saa saba mchana. Kivuli kifupi kabisa huja yapata saa sita na nusu, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki mwa Nairobi. Katikati ya Desemba kivuli hicho kina takriban sentimita 40 na kinaelekea kaskazini. Katikati ya Aprili hakifiki 20, na kimegeukia kusini.

Desemba iliyopita msichana wa Gredi ya 8 kutoka Kayole alikuwa ameinamia sufuria yenye maji yanayotokota. Uzi mwekundu wa kipimajoto ulipanda ukasimama kwenye 94. Alisubiri. Akamtazama mwenzake, akafuta kwa raba, akaandika 100. Nilipomuuliza, alinijibu kwa heshima: "Mwalimu, kitabu kinasema mia moja." Kitabu hakikukosea, kinazungumzia maji yaliyo usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, hewa ya huku inakandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, na maji huchemka mapema. Ndiyo maana maharagwe ya githeri huchukua muda mrefu jikoni kwetu kuliko Mombasa. Tulimrudishia raba, akaandika 94 mwenyewe.

Mambo matatu hatuyalegezi. Hakuna mwanafunzi atakayeshuka mtoni kuchota sampuli msimu wa mvua. Waliokuwa Mathare wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji maelezo. Ngurumo zikisikika, wote huingia ndani hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

La tatu ni picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na faini anayotoza Kamishna wa Data inaweza kufika Sh5,000,000. Fomu yetu ina sehemu mbili, ya kuhudhuria na ya kupigwa picha. Ukisaini ya kwanza tu, mtoto anakaribishwa vilevile, ila kamera haitamwelekea. Aje na daftari, kalamu ya risasi na chupa yake.