Kuoksidika kwa bia: hewa inapoingia wakati wa kuhamisha

Kuoksidika ni pale oksijeni ya hewani inapoingia kwenye bia iliyokwisha kuchachuka na kuanza kuibadilisha. Dalili inayojulikana zaidi ni ladha ya boksi lililolowa, ambayo mara nyingi husababishwa na kemikali iitwayo trans-2-nonenali. Bia ya rangi hafifu yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) huumia mapema: harufu ya matunda hupotea, na rangi ya dhahabu hugeuka kahawia.

Kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba kuna wakati oksijeni inatakiwa. Kabla ya kutia hamira unatikisa kwa nguvu ndoo yenye maji ya kimea, kwani hamira huhitaji kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita ili izaliane vizuri. Ikishaanza kazi, basi. Viwandani bia inayokwenda kwenye chupa hulengwa iwe chini ya miligramu 0.1 kwa lita.

Aliyekulia Teso, mashariki mwa Uganda, atauliza mbona ajono, pombe ya ulezi, hukaa kwenye chungu wazi, watu wakivuta kwa mirija, na haidhuriki. Sababu ni kwamba haikai miezi kabla ya kunywewa; hunywewa ingali inachacha, huku maji ya moto yakiongezwa. Tonto, pombe ya ndizi, nayo ikiachwa wazi hugeuka siki, maana bakteria wa siki wanahitaji hewa hiyohiyo. Bia ya chupa ndiyo unayotaka isubiri.

Wakati wa kuhamishia bia kwenye chupa, kosa kubwa ni kumimina. Bia ikidondoka kutoka juu na kutoa povu, imeshabeba hewa. Tumia mpira unaofika chini kabisa ya chupa, bia ipande taratibu. Uangalie huo mpira: vipovu vikipita mfululizo karibu na kiungio, hapo panavuta hewa, kaza kibano. Usiache nafasi kubwa shingoni, na piga kizibo povu likiwa limefika mdomoni. Anayetia sukari ili bia ijitengenezee gesi ana nafuu, kwa kuwa hamira iliyobaki hula sehemu ya oksijeni.

Wenye kegi, yaani pipa la chuma la bia, wana njia bora zaidi. Jaza kegi hadi juu maji yenye dawa ya kuua vijidudu, yasukume yote yatoke kwa kaboni dioksaidi, kisha ingiza bia kwa mpira bila kufungua kifuniko. Kupuliza gesi kidogo juu ya kegi iliyojaa hewa, eti ni nzito itaifunika bia, hakusaidii sana, gesi huchanganyika.

Joto nalo huharakisha yote haya, kwa hiyo chupa iliyo rafuni Kampala huchakaa haraka kuliko iliyo kwenye friji. Asiye na friji wala mtungi wa gesi, mimi humshauri aanze na bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa: haitegemei harufu ya hopsi, na ule uchungu wa kahawa hufunika mengi.