Maficho bandia ya vyura wa mitini: maana yake na kazi yake

Maficho bandia ni kitu kinachowekwa na mtafiti ili mnyama aje kujificha humo kwa hiari yake. Kwa vyura wa mitini, mara nyingi ni kipande cha bomba la plastiki, lile lile wanalotumia mafundi bomba, chenye urefu wa kama mita moja na tundu la sentimita chache. Husimikwa wima ardhini au hufungwa kwenye shina la mti, juu kukiwa wazi. Hakiwekwi chambo wala mlango.

Chura huingia kwa sababu ya ngozi yake. Ngozi hiyo hupitisha maji, kwa hiyo jua na upepo humkausha upesi. Usiku huwinda wadudu. Kukicha hutafuta kivuli chenye unyevu, kama vile pango la mti au nyuma ya gome lililobanduka. Bomba humpa vyote viwili. Ana visahani vya kunata vidoleni, hivyo hupanda na kushuka humo atakavyo. Visahani hivyo hivyo ndivyo vinavyofanya mtego wa ndoo iliyofukiwa ardhini usimfae mtafiti: chura wa mitini huparamia ukuta wa ndoo akaenda zake.

Mtafiti hupita mchana, vyura wenyewe wakiwa wamelala. Humsukumia chura taratibu kwenye mfuko wa plastiki, humtambua, humpima urefu na uzito, kisha humrudisha alipomtoa. Glavu hubadilishwa kwa kila chura, maana kuvu wa kitridi, anayeua vyura katika mabara mengi, huweza kubebwa kwa mikono.

Ugumu uko kwenye kusoma hesabu. Ukikuta vyura 12 katika mabomba 40, hujajua ardhioevu ile ina vyura wangapi. Kukiwa na ukame au baridi, mabomba hujaa. Mvua ikinyesha, vyura hutawanyika na mabomba hubaki matupu, ingawa hakuna aliyekufa. Penye miti mingi yenye mapango, bomba halina mvuto mkubwa. Hata upana wa tundu huchagua nani aingie. Na chura anayeishi matopeni hatapanda bomba kamwe, kwa hiyo kutomwona humo hakuthibitishi kwamba hayupo. Ndiyo maana mabomba yale yale hukaguliwa tena na tena, hali ya hewa ikiandikwa kila safari. Kinacholinganishwa ni mabadiliko ya mahali pamoja kadiri muda unavyokwenda. Idadi ya siku moja, kwa maoni yangu, haistahili hata kutangazwa.

Njia hii imetumika sana Florida, Marekani, ikiwemo katika ardhioevu ya Everglades. Huko bomba huonyesha jambo ambalo watunza hifadhi wasingependa kuliona: chura wa mitini wa Kuba, mgeni ambaye jike lake huweza kuzidi sentimita 10, na ambaye huwala vyura wenyeji. Naye hupenda mabomba. Humo hukamatwa na kuondolewa, ilhali mwenyeji aliyekutwa kwenye bomba la jirani hupimwa na kuachwa aendelee na usingizi wake.