Dogo kasaini, sawa. Lakini hajatoboa

Jumamosi iliyopita mzee mmoja kanifuata pale JMK Youth Park, Kidongo Chekundu, mazoezi hata hayajaisha, ananipa simu nisome. Barua ya kumwita mwanawe timu ya kikapu ya daraja la chini huko Ulaya. Dogo ana miaka 17, futi sita na inchi saba, mkono wa kushoto bado hawezi kupiga layapu, ile ya kuweka mpira kwenye ringi ukiwa karibu, bila kuukodolea mpira macho. Mzee machozi yanamlengalenga, ananiambia, "Kocha, Mungu mkubwa, kijana ametoboa. Hii ada ya kidato cha tano nadhani sasa niachane nayo." Ni mzazi wa nne mwaka huu kuniambia maneno yale yale, na usiku ule sikupata usingizi, nikasema bora niandike niwe nawatumia wote.

Nadhani neno lenyewe ndilo linatuponza. Kutoboa ni mara moja, ukishatoboa umetokea upande wa pili, unajifuta vumbi unaendelea na maisha. Kikapu hakiko hivyo jamani. Kikapu kila msimu kuna ukuta mpya, na wengi wanaocheza kwa pesa duniani wana mkataba wa msimu mmoja, mwingine wa miezi kadhaa, mwingine wa kumalizia msimu kwa sababu senta wa timu, yule mrefu wa chini ya ringi, kaumia goti. Mwezi wa tano ligi inaisha, wanarudi nyumbani kusubiri simu ya wakala. Huyo ndiye mchezaji wa kulipwa wa kawaida, sio yule mnayemuona kwenye TV.

NBA, ligi kuu ya Marekani, nitaipitia haraka maana mnaijua. Timu 30, kila moja mikataba 15 ya kawaida na mitatu ya njia mbili, ile ya kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi ya chini yake. Piga hesabu, nafasi 540 dunia nzima, na kila mwaka drafti, siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, inaleta watu kama 60 wanaotaka kukalia viti vyenye watu. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza anapata miaka miwili ya uhakika, mwaka wa tatu na wa nne timu ndiyo inaamua kama inamtaka. Raundi ya pili hata hiyo miwili hana.

Sasa nije kwa Hasheem, Mtanzania wetu aliyefika NBA, maana hapa ndipo napandwa na presha. Kila nikiongea na wazazi lazima mmoja aseme "asije akafeli kama Hasheem", mwingine amjibu "ah, yule alitoboa bwana, namba mbili drafti". Wote wawili hawajui wanachosema, na wote wawili wanakosea kitu kimoja.

Hasheem Thabeet kazaliwa Dar 1987, mpira wa kikapu kaanza kuugusa akiwa na kama miaka 15. Kaenda Marekani, kamalizia sekondari Houston, kaingia chuo cha Connecticut 2006, kakaa misimu mitatu. Msimu wa mwisho anabloku mashuti zaidi ya manne kila mechi, timu inafika nne bora ya vyuo vya Marekani. Drafti ya 2009 Memphis wanamchukua namba mbili, kabla ya James Harden aliyekuwa namba tatu, kabla ya Stephen Curry aliyekuwa namba saba. Bongo nzima ikasema katoboa. Mimi pia nilisema, nakumbuka kabisa tulivyoshangilia.

Lakini hebu hesabuni miaka. Kuanzia siku ya kwanza kushika mpira mpaka siku ile jina linasomwa, ni kama miaka saba. Halafu anafika Memphis anamkuta nani kwenye nafasi yake ya uwanjani? Marc Gasol. Na Gasol alichaguliwa namba 48, mwaka 2007, namba ambayo hapa kwetu tungesema kaponea chupuchupu. Ila baada ya drafti hakukimbilia Marekani, kabaki Hispania, msimu uliofuata akawa MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi ya Hispania, ndipo kavuka. Yaani alipokutana na Hasheem pale, Gasol alikuwa ana miaka kadhaa ya kupigwa vikumbo na watu wazima wenye familia, anajua kuweka skrini, yaani kumkingia mwenzake kwa mwili, anajua kupasi akiwa mbele ya ringi, anajua refa gani anapuliza nini. Miaka minne baadaye akawa mlinzi bora wa NBA. Ukiwa kocha wa Memphis na unataka kushinda kesho, unamchezesha nani? Hasheem kapata kama dakika 13 kwa mechi mwaka wa kwanza, katikati ya msimu kapelekwa ligi ya chini, msimu wa pili kauzwa Houston, akapita Portland, akamalizia Oklahoma City.

Watu wanasema kafeli. Mtu kacheza NBA misimu mitano, baadaye kacheza Japani, kacheza Taiwan, kalipwa kwa kazi ya mwili wake akiwa na miaka thelathini na kitu. Kama huko ndiko kufeli, nionyesheni mliofaulu. Kilichomkuta ni kwamba alifika mahali pakubwa kabla mpira wake haujapata muda wa kuiva, na ukishakuwa namba mbili hakuna mwenye subira na wewe, kila kosa linahesabiwa. Namba ya drafti inanunua pesa. Dakika za kujifunzia hainunui.

Mfano wa pili, Pascal Siakam. Huyu wa Cameroon, alikuwa seminari, wala hakuwa na mpango na kikapu mpaka akiwa kijana mkubwa. Namba 27 mwaka 2016, Toronto. Msimu wake wa kwanza kaanzishwa mechi nyingi, halafu kashushwa timu yao ya G League, Raptors 905. Hapa kwetu angeshushwa tungesema kwisha habari yake. Kule chini kacheza dakika za kutosha, wakabeba ubingwa, yeye akawa MVP wa fainali, 2019 anavaa pete ya NBA. Nawaambia madogo wangu kila siku, kushushwa daraja ukapewa mpira mkononi ni bora kuliko kukaa benchi juu ukipiga picha na mastaa, na wananiangalia kama nawatakia mabaya.

Mnielewe vizuri, na mimi nina shaka zangu. Kuna usiku najiuliza, je ni dakika zinazomtengeneza mchezaji, au mchezaji mzuri ndiye anayezipata dakika popote atakapokuwa? Huenda Siakam angekuwa Siakam hata bila 905. Huenda Hasheem hata angekaa Hispania miaka mitatu angeishia pale pale. Sina namna ya kupima, hakuna mtu anayeishi mara mbili. Nimewaona madogo wawili wa umri mmoja, urefu mmoja, mazoezi yale yale, mmoja kafika mbali mwingine anaendesha bodaboda, na hadi leo siwezi kuwaambia kwa nini. Ila kati ya kumpa dogo muda na kumnyima, najua lipi nitaweza kumtazama nalo mama yake.

Halafu kuna urefu. Kuna watu wamemuona Khaman Maluach kwenye drafti ya 2025, namba 10, futi saba na ushee, kakulia Kawempe Uganda, basi kila mwenye mtoto mrefu ananipigia. Angalieni njia aliyopita basi! Mpira kaanza kama 2019. Kapelekwa NBA Academy Saly, Senegal, mazoezi na shule kila siku. Akacheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, misimu mitatu na timu tatu tofauti, Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal, City Oilers ya Uganda. Kombe la Dunia 2023 akiwa na miaka 16, Olimpiki ya Paris, mwaka mmoja chuo cha Duke Marekani. Urefu ulimfungulia mlango wa kuangaliwa, kazi iliyofuata ni ya miaka sita, na miaka hiyo alikuwa kwenye mashindano.

Turudi kwa wale wa barua za Ulaya maana ndio wengi. Nilikuwa na dogo mmoja, simtaji wala timu siitaji, kaenda na mkataba "wa msimu". Kafika, vipimo vya afya, daktari kaona mfupa wa mguu una ufa mdogo, wiki ya tatu wamemrudisha. Mkataba ulikuwa na kipengele kwamba hauanzi mpaka afya ipite, na kabla ya kusaini hakuna aliyeusoma, mimi nikiwemo, na hilo linaniuma mpaka leo. Madogo warefu wanaruka kwenye zege tangu wana miaka 14, viatu soli imekwisha, nyayo zinaumia taratibu. Joel Embiid mfupa wa wayo ulimkalisha misimu miwili mizima kabla hajacheza mechi yake ya kwanza NBA, na yeye alikuwa na madaktari wa timu na mshahara. Wako ana nani?

Mambo ya karatasi basi, kwa kasi. Wakala lazima awe na leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na anakula asilimia ya mkataba, isiyozidi 10. Anayekuomba milioni mbili za "kushughulikia" kabla ya mkataba huyo sio wakala. Angalia kama mkataba unataja BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu, maana bila hicho kipengele timu isipolipa utamlilia nani huko. Uliza kipimo cha afya kinafanyika lini na nani analipa tiketi ya kurudi. Na pasipoti yenu inaweza kuwa na thamani msiyoijua, Hispania kwa mfano, enzi za mkataba wa Cotonou kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, mchezaji wa nchi hizo alikuwa hahesabiwi sawa na Mmarekani kwenye idadi ya wageni, kwa hiyo msikubali kuambiwa mnafanyiwa hisani.

Anayetaka njia ya chuo Marekani, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo kule, kwa daraja la kwanza wanataka masomo 16 ya msingi na wastani wa alama wa kuanzia 2.3 kwa kipimo cha 4, wanaangalia umemaliza sekondari lini na umefanya nini baada ya hapo. Sasa wewe unamtoa mtoto shule akiwa kidato cha tano kwa sababu "katoboa". Na wale wanaopunguza umri kwenye cheti, naombeni muache. Nimeshaletewa kijana "wa miaka 16" ana ndevu kunizidi, kidato cha nne kamaliza mwaka ambao kwa cheti kile alikuwa na miaka 11. Watu wa NCAA wanajua kusoma.

Na siku hizi kuna njia nyingine ambayo sisi wakati wetu hatukuwa nayo, BAL tangu 2021, Kigali wanakoichezea mara nyingi unafika kwa basi, Nairobi City Thunder wameshaingia 2025 wakawa wa kwanza kutoka Kenya. Dogo wa miaka 19 anayepata dakika 20 za mashindano yale anaonekana na skauti wale wale mnaotaka kuwafuata Ulaya.

Yule mzee nilikaa naye kwenye ngazi mpaka taa zikawaka. Nikamwambia FIBA hairuhusu kumhamisha mchezaji nchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalumu, na moja ya vitu wanavyoangalia ni timu imempangia shule gani. Barua yake haikutaja shule popote. Kanyamaza, akaniuliza, "Sasa kocha, nimwambie nini mwanangu? Keshawaaga wenzake." Nikamwambia mlete nitamwambia mimi. Ada kalipa Jumatatu. Dogo alinuna siku mbili, ya tatu akaja saa kumi na mbili asubuhi, tukaanza na layapu za kushoto, 50 kila upande wa ringi, na kati ya hizo 50 za kwanza ziliingia 19.