Je, wajua kwa nini mpiga gitaa mmoja husikika kama watu sita?

Mwanamuziki wa saikedeliki, roki yenye sauti za kindoto, akitoa albamu ya peke yake, tulivu, ya kutafakari, swali huja lenyewe: jukwaani ataipigaje bila bendi? Kwa lupu. Kifaa kinanasa kipande alichopiga na kukirudia mfululizo, naye anaongeza kingine juu yake, kisha kingine. Kwa aliyezoea kusikia ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe kule Iringa, mtu mmoja akizungusha mapigo yaleyale huku akiimba, hilo si geni.

Mbinu yenyewe ni ya enzi za tepu. Miaka ya 1960, Mmarekani Terry Riley alitumia vinasa sauti viwili na tepu moja: cha kwanza kinanasa, cha pili kinacheza, na sauti inarudishwa kwenye cha kwanza inaswe upya. Umbali kati yao ndio unaopanga muda. Tepu ikienda sentimita 19 kwa sekunde, na vichwa vya kunasa na kucheza vikiachana sentimita 114, mwangwi hurudi baada ya sekunde 6. Mwaka 1973 wanamuziki Waingereza Robert Fripp na Brian Eno walitoa albamu iliyotumia mtambo wa namna hiyo.

Siku hizi pedali ndogo ya lupu, kifaa cha kukanyaga kwa mguu, inatosha. Utulivu unategemea kiasi cha sauti kinachorudishwa. Ukiweka asilimia 70, baada ya marudio 6 hubaki kama asilimia 12 ya ukubwa wa wimbi la mwanzo. Sauti inafifia taratibu. Ukiweka 90, bado ipo zaidi ya nusu. Ukivuka 100, kila mzunguko unazidi uliotangulia mpaka spika zianze kukwaruza. Besi ndiyo hujaa kwanza, kwa hiyo acha tabaka moja tu libebe uzito, na kwenye mengine punguza masafa yaliyo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 hivi.

Kwa onyesho la nje usiku, Mbeya, mwezi wa sita au wa saba, tatizo kubwa ni baridi. Waya wa chuma ukipoa husinyaa, mvutano unapanda na sauti inapanda nayo. Lupu haipandi: imebaki pale ulipoinasa. Tabaka la kwanza likiwa hezi 220 na jipya 222, utasikia mtikisiko mara 2 kwa sekunde. Kidogo tu hupendeza, na wengine huutafuta makusudi, ila kwenye kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya nyuzi sita ni fujo. Toa gitaa kwenye mfuko nusu saa kabla, liache palepale jukwaani, ulityuni mwisho kabisa. Kulityuni ndani kwenye joto kisha kulitoa nje ni kazi bure.

Umeme nao. Lupu isiyohifadhiwa hufutika umeme ukikatika, hata kwa sekunde moja. Weka betri ya akiba kwa pedali, si kwa spika pekee. Pedali nyingi hutumia volti 9, lakini angalia ncha hasi iko katikati au nje ya plagi kabla ya kuchomeka, kwani kugeuza kunaweza kuiunguza.

Kama kuna maiki, spika ya jukwaani ikae upande ambao maiki haisikii, kwa kawaida nyuma yake. Vinginevyo kila tabaka jipya litanasa yale ya zamani pia, na dakika chache baadaye hakuna wa kuyatenganisha.